Kwa Nini Apimwe Aliye Mzima?



Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, mwezi wa Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, limezuka hapa kwetu Morogoro swali ambalo halikuwako. Zamani mgonjwa wa mafigo mwenye uwezo alipelekwa India, na asiye na uwezo aliombewa dua. Sasa jambo limesogea karibu, nalo limekuja na swali lake: iweje mtu mwenye afya kamili, asiyeumwa hata kidole, alazwe kitandani na kudungwa mshipani dawa yenye mionzi? Kwani dawa si ya mgonjwa?

Swali hili twaulizwa sana sisi walimu wa chuo, ijapokuwa elimu yetu ni ya Qur'ani na ya shule ya msingi tu. Watu wakiogopa jambo humwendea yule aliyewafundisha alifu na be, hata kama jambo lenyewe haliko katika juzuu. Nasi hatukupenda kujibu kwa kubahatisha. Tuliuliza madaktari, na wanafunzi wetu wa zamani waliosoma wakatusomea na kutufasiria yaliyoandikwa. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Lilitufika nyumbani mwaka 2023. Binti wa dada yetu, mwenye miaka 24, mafigo yake yote mawili yalikuwa yamekwisha kazi, akawa apelekwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kila juma. Ndugu yake wa kiume, aliyemzidi miaka miwili, akasema atamtolea figo lake moja. Madaktari wakajibu: vyema, lakini kwanza apimwe yeye mwenyewe, na miongoni mwa vipimo hivyo kimo kimoja cha dawa ya mionzi.

Sisi ni Waluguru, na kwetu ukoo hufuata tumbo la mama. Neno la mjomba kwa watoto wa dada yake si neno la kupita. Kwa hiyo dada yetu aliteremka kutoka Matombo mpaka mjini, akaketi ukumbini petu, hakutaka hata chai. Akasema, "Kaka, mmoja ameshaharibika. Na huyu aliyebaki mzima mwataka mkamtie sumu ya bomu?"

Msimcheke, wasomaji. Neno mionzi lilimfikia dada yetu likiwa limefungwa pamoja na habari za mabomu ya Hiroshima na habari za saratani, wala hakuna aliyemfungulia fundo hilo. Tulimwambia hatutasema ndiyo wala siyo mpaka twende na kijana, tuone kwa macho yetu na kusikia kwa masikio yetu.

Tulikwenda naye Dar es Salaam. Siku aliyopangiwa ilikuwa Alhamisi, siku aliyozoea kufunga sunna, akaambiwa asifunge, kwa kuwa hapana budi mtu anywe maji ya kutosha kabla ya kipimo hiki. Figo lenye kiu hukawia kufanya kazi, na picha yake hudanganya. (Mwenye kupangiwa kipimo hiki mwezi wa Ramadhani na asome jambo hili mara mbili, kisha azungumze na daktari mapema juu ya tarehe.) Alilala chali, kamera ikawa chini ya mgongo wake. Akadungwa sindano moja, ndogo kuliko ile ya chanjo. Baada ya dakika moja au mbili tukaona katika kioo vitu viwili vikianza kung'aa, mfano wa makaa mawili gizani, na umbo lake ni la punje ya kunde. Kisha mistari miwili ikachorwa: ikapanda, ikafika kileleni, ikaanza kuteremka. Yote yalichukua kama nusu saa. Kijana alipoinuka akasema, "Mjomba, sikuhisi ila sindano."

Majibu yalipotoka, figo la kushoto lilikuwa likifanya kazi sehemu 64 katika mia, na la kulia 36. Madaktari wakakataa kumpasua. Wakatueleza kwamba kwa wenye afya kila figo hubeba karibu nusu ya kazi, baina ya 45 na 55. Mwenye pengo kubwa kama lake, akiwa kijana wa miaka 26, si haki kumpunguzia akiba aliyopewa. Kijana alilia. Hakulia kwa hofu ya ugonjwa, bali kwa kuwa alikuwa amekwisha mwahidi dada yake. Mpaka twaandika haya binti yu hai, angali akipelekwa kwenye mashine, na binamu yake mmoja amejitokeza naye apimwe.

Tuliporudi nyumbani neno moja lilitukaa. Hao madaktari walijuaje kwamba 36 ni kasoro? Waliipata wapi ile hamsini? Haikushuka kutoka mbinguni. Ilitoka katika miili ya watu wazima wa afya, waliokubali kulala chini ya kamera hali hawana ugonjwa wowote wala ndugu wa kumponya. Habari ya watu hao ndiyo tuliyotaka kuieleza hasa. Lakini kwanza tumjibu dada yetu, aliyeuliza mionzi hii imetoka wapi. Tungaliweza kumnyoshea kidole mlima aliozaliwa.

Milima ya Uluguru ambayo maji yake hushuka mpaka mto Ruvu, na kutoka Ruvu yakanywewa na watu wa Dar es Salaam, ina ulanga katika miamba yake, na pamoja na ulanga huo hupatikana jiwe zito jeusi lenye urani. Katika siku za Wajerumani jiwe hilo lilipelekwa Ulaya. Mwaka 1906 mwanakemia Willy Marckwald aliandika habari ya madini ya manjano yaliyotokana nalo, akayaita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford, bingwa wa elimu ya mionzi. Kisha katika miaka ya 1914 na 1915 Otto Hönigschmid na bibi mmoja, Stefanie Horovitz, walitoa risasi iliyokuwa ndani ya jiwe la Morogoro, wakaipima uzito wa atomu zake kwa uangalifu mkubwa. Risasi ya kawaida ni kama 207.2, ya Morogoro ikawa kama 206. Risasi zote mbili ni risasi, huwezi kuzitenga kwa kemia yoyote, lakini uzito wao si mmoja. Hiyo ilikuwa moja ya hoja zenye nguvu za kuthibitisha kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na mapacha wasiolingana uzito, ambao leo waitwa isotopu. Twawafundisha watoto wa mji huu majina ya mito ya Ulaya, wala hatuwaambii kwamba jiwe la mlimani kwao lilisaidia kuufumbua ulimwengu!

Sasa huyo Rutherford, ambaye jina lake limo katika jiwe letu, alikuwa na kijana wa Kihangari aliyefika kwake Manchester mwaka 1911, George de Hevesy. Alimpa kazi ya kutenga aina moja ya mionzi, iliyoitwa radiamu D, na risasi iliyochanganyika nayo. Hevesy alihangaika asiweze, kwa sababu ambayo msomaji ameshaibaini: radiamu D yenyewe ni risasi, ni pacha mwenye mionzi. Mwingine angalikata tamaa. Yeye akasema: ikiwa hawatengani, basi pacha mwenye mionzi atakwenda kila aendako mwenziwe, na mimi nitamfuata kwa chombo, kama mtu afuataye taa usiku.

Na kisa cha kwanza cha matumizi yake kitawafurahisha akina mama. Hevesy alipanga katika nyumba ya bibi mmoja, akashuku kwamba nyama wanayopewa katikati ya juma ni kiporo cha Jumapili. Bibi akakana. Hevesy, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, akatia chembe ya mionzi katika mabaki ya sahani yake, na siku zilizofuata akakileta chombo chake mezani. Kiporo kikajulikana! Mwaka 1923 alitumia njia hiyohiyo kufuata risasi ndani ya mimea ya jamii ya maharage, kuanzia mizizini hadi majanini, na Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943 ilikuwa yake.

Wa kwanza kuipeleka kwa binadamu alikuwa daktari wa Boston, Herrmann Blumgart, mwaka 1925. Alitaka kujua damu huchukua muda gani kutoka mkono mmoja mpaka wa pili. Alianza kwa kujidunga mwenyewe. Neno hili lina uzito kwetu: alijua ya kuwa hawezi kusema damu ya mgonjwa wa moyo inakawia, asipojua kwanza ya mzima hupita kwa kasi gani.

Turudi kwenye mafigo. Yale maumbo mawili ya punje ya kunde, kila moja lina vichujio vipatavyo milioni, na kwa siku moja huchuja kama lita 180 za maji ya damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja au mbili ya kutolewa. Kipimo cha damu huonyesha takataka iliyobaki, lakini hakisemi ni figo lipi lililochoka, la kuume au la kushoto. Hapo ndipo ihitajikapo dawa ya kufuatilia: kitu ambacho figo hukitambua na kukitoa, kikafungwa pamoja nacho chembe ya mionzi ili kamera ikione kikipita. Dawa hiyo haitibu. Kazi yake ni kupita na kuonekana.

Mwanzoni, kuanzia 1960, ilitumika dawa iitwayo hipurani iliyofungwa na iodini 131. Ilifanya kazi, ila iodini hiyo hupungua nusu baada ya siku nane, na picha yake ina ukungu. Mionzi ya teknishiamu 99m ni bora: hupungua nusu kila saa 6. Teknishiamu ilivumbuliwa Palermo, Italia, mwaka 1937, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Brookhaven, Marekani, wakatengeneza kisanduku chenye molibdeni ambayo huizaa teknishiamu polepole. Wataalamu hulikamua sanduku hilo kila asubuhi kama ng'ombe. Kwa kuwa molibdeni hiyo nayo hupungua nusu kila saa 66, sanduku halifai kuwekwa ghalani. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina idara ya tiba ya namna hii.

Iliyobaki ilikuwa kupata kitu cha kufungwa na teknishiamu ambacho figo litakipenda kama lilivyoipenda hipurani. Mwaka 1986 ikatokea dawa iitwayo MAG3. Ilijaribiwa kwanza kwa wanyama. Kisha Andrew Taylor na wenzake huko Marekani wakawaita watu wenye afya, waliojitolea, wakailinganisha na hipurani katika miili yao. Ikaonekana picha za MAG3 ni safi zaidi, ijapokuwa hutoka katika damu polepole kuliko hipurani. Baadaye dawa hiyo ilienea katika hospitali nyingi duniani. Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, hawakuridhika. Mwaka 2010 walitangaza dawa nyingine ya teknishiamu, waliyoipima tena kwa watu wenye afya, nayo mwendo wake ulikaribia kabisa ule wa hipurani.

Kwa nini wenye afya, wala si wagonjwa moja kwa moja? Tuliuliza hivyohivyo. Tukajibiwa kwamba mgonjwa akipewa dawa mpya na ikakawia mwilini, hakuna ajuaye kama ni dawa iliyokuwa nzito au ni figo lililochoka. Panya naye amesaidia, lakini ini la panya na figo lake si la mwanadamu. Mzima pekee ndiye awezaye kusema hali ya dawa yenyewe. Tuliufahamu mfano huo upesi: pishi mpya hujaribiwa kwa nafaka ambayo kiasi chake chajulikana, ndipo ipelekwe sokoni.

Na pishi ya mwenzio haikutoshi daima. Kanuni za Marekani za kukadiria kazi ya mafigo kwa kipimo cha damu, kuanzia ile ya 1999, zilimwongezea mtu mweusi kiasi fulani, kana kwamba mafigo yake yachuja zaidi kwa sababu ya rangi. Nyongeza hiyo iliondolewa huko mwaka 2021. Lakini hospitali ngapi za Afrika zilikuwa zimeichukua bila ya kuuliza? Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, ambamo kazi ya mafigo ilipimwa hasa, kwa dawa isiyo ya mionzi iitwayo ioheksoli. Ikaonekana kwamba zile kanuni za kipimo cha damu husema mafigo ya watu wa huku yafanya kazi vizuri kuliko ukweli. Maana yake mgonjwa huambiwa u mzima, akarudi nyumbani, akaja kurejea wakati umekwisha pita. Hatusemi kwamba binti wa dada yetu alipatwa na hilo. Twasema tu kwamba ikiwa wazima wa huku hawakubali kupimwa, wagonjwa wa huku watapimwa kwa vibaba vya watu wengine.

Ama hofu, hatuwezi kuifukuza kwa maneno matamu, kwa sababu ina asili yake. Baina ya 1945 na 1947 huko Marekani wagonjwa 18 walidungwa plutoniamu, karibu wote bila ya kuambiwa kilichokuwamo katika sindano, ili ijulikane mwili huitoaje. Serikali yao haikuomba radhi mpaka 1995, kwa kinywa cha Rais Clinton. Hukumu ya Nuremberg ya 1947 na Azimio la Helsinki la 1964 yaliweka sharti la ridhaa mbele ya yote, na hapa Tanzania utafiti juu ya mwili wa binadamu huombewa idhini, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikiwa na kauli, na mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu.

Kiasi chenyewe cha mionzi ya kipimo hiki ni takriban milisiviti 1. Kila mwanadamu, kwa wastani wa dunia, hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula chake, hata asipokanyaga hospitali. Madaktari hawasemi kwamba hatari ni sifuri. Wasema ni ndogo mno, na mkweli husema hivyo. Mwenye mimba hapimwi kipimo hiki ila kwa dharura, na anyonyeshaye huambiwa akae muda gani. Dawa hutoka kwa mkojo, kwa hiyo siku hiyo mtu huambiwa anywe maji, aende haja mara nyingi, amwage maji ya kutosha chooni na kunawa mikono vizuri. Muuguzi alipomweleza mpwa wetu hayo yote kwa urefu, kijana akatutazama akatabasamu. Adabu za istinjaa alizisoma kwetu akiwa na miaka saba.

Vijana wetu walioko vyuoni huenda siku moja wakaombwa kujitolea, si kwa ajili ya dada wala ndugu, bali kwa dawa mpya tu. Sisi hatuoni ubaya wa kukubali, kwa baligh mwenye akili timamu, aliyeelezwa akafahamu. Lakini karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua mtiaji saini si ridhaa, hata ikiwa na mihuri mitatu. Na aulize isomwe kwa Kiswahili, mbele ya mzee wake akipenda. Na aangalie malipo. Nauli na fidia ya siku ya kazi ni haki yake. Fedha zikiwa nyingi hata maskini akaficha ugonjwa wake ili apate kuchukuliwa, hapo amejidhuru nafsi yake, na hesabu ya wenye afya imeingiwa na mgonjwa, na kila atakayepimwa kwa hesabu hiyo atapunjwa.

Kijana mmoja alituuliza kama mtu akikubali leo aweza kukataa kesho. Aweza, hata akiwa amekwisha lala juu ya kitanda na kamera imewashwa, wala hadaiwi sababu.